Ufunguo Ulikuwa Shingoni Mwangu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo sina haja ya kuikumbuka kwa sababu haijawahi kuniondokea. Naiona kila asubuhi wifi yangu Makorani anapopita mlangoni kwangu na kunipa mkono wa kushoto. Wageni hudhani hana adabu. Mimi najua ni kwa nini, na leo nataka na nyinyi mjue, maana wiki iliyopita nilimkuta mmoja wenu pale shambani. Jina silitaji, mwenyewe atajijua. Alikuwa amefungua boksi la pampu, kichwa ndani, bisibisi mkononi. Nilipomuuliza afanya nini, akanijibu bila hata kugeuka, "Usijali, bibi, nishazima."

Nishazima. Neno hilo nililisema mimi kabla mama yake hajaota meno.

Basi kaa chini unisikilize. Mimi si mtu wa shule. Nilifika darasa la nne, nikatolewa nikafukuze ndege kwenye mpunga, na sikurudi. Kusoma najua, tarakimu nazijua, na kuandika kwenyewe ndiko huku unakokuona. Nikieleza jambo la fundi kwa maneno ya jikoni, usikenue meno. Yale machache ninayoyajua ya umeme yalilipiwa na mkono wa mtu mwingine.

Kijiji chetu kiko upande wa chini wa mto, si mbali na Ngao, na tangu babu zetu tumelima kandokando ya maji. Zamani tulingoja mto ujae, upungue, utuachie tope, tupande. Mto ulipoanza kuwa na mambo yake, mwaka mmoja unafagia nyumba, mwaka wa pili hauonekani, sisi kina mama kumi na wanne tukaungana, tukapata pampu ya umeme na jenereta ya kuiendesha. Waya za stima zilikuwa hazijatufikia. Nilichaguliwa mimi kuwa mwendesha pampu. Wenzangu walisema ni kwa sababu siogopi kelele. Makorani akasema, "Na kwa sababu kelele zake zinaishinda jenereta." Wakacheka wote, nami nikaipokea kazi.

Sasa elewa jinsi shamba lilivyokaa, kwa sababu kosa langu lilianzia hapo. Jenereta ilikuwa juu ya ukingo, ndani ya banda, mahali maji ya mafuriko hayafiki upesi. Pampu ilikuwa chini karibu na mto, juu ya sakafu ndogo ya saruji. Katikati yake ni matete. Aliye chini hamwoni aliye juu. Kwa hiyo tulijiwekea desturi: anayeshuka kugusa pampu, kwanza azime jenereta, achomoe ufunguo, auvae shingoni kwa kamba. Kina mama wote waliijua. Wakiuona ufunguo shingoni mwangu, wanaingia majini bila kuuliza, wanasafisha chujio, wanang'oa magugu, wanashika mabomba kwa mikono iliyolowa. Hakuna aliyeumia hata mara moja. Ilikuwa desturi nzuri, na hata leo siitoi kasoro.

Lakini ilitulea vibaya kwa upande mmoja. Sisi umeme tuliujua kwa masikio. Jenereta ikinguruma, umeme upo. Ikinyamaza, umeme umekufa. Mtu wa mjini anaweza kukaa na waya ukutani ambazo hazitoi sauti, akajifunza kuogopa kitu kimya. Sisi kimya kilikuwa ndiyo ruhusa yetu.

Fundi wetu alikuwa Mzee Barisa, Muorma, mtu mrefu mwenye sauti ndogo. Ukoo wake ni wafugaji. Yeye ng'ombe zake zilimalizwa na ukame akiwa kijana, akaenda Madogo, akajifunza kusuka upya waya za mota za watu mpaka akawa fundi. Mara mbili kwa mwaka alishuka kwetu kwa basi mpaka Garsen, kisha kwa pikipiki, akaiangalia pampu. Safari moja alituachia mita ya mkononi, ya manjano, ile yenye kioo cha tarakimu na waya mbili, nyekundu na nyeusi. Akanionyesha jinsi ya kupima betri ya kuwashia jenereta. Nikamuuliza zile alama nyingine zote za nini.

"Hiyo betri tu, Mama Jillo," akasema. Jillo ndiye mwanangu wa kwanza. "Hizo nyingine, mimi nije, tukae chini, nikufundishe. Wewe ni mtu wa haraka. Wewe ni kama ndama amenusa maji."

Nilicheka. Moyoni nilijiambia, mzee huyu anaficha kazi yake.

Ikaja kiangazi, nyanya zetu zimebeba, bado za kijani, zinataka maji ya wiki mbili tu tuzipeleke Garsen. Asubuhi moja nikawasha jenereta, nikashuka, nikabonyeza swichi ya pampu. Pampu ikavuma bila kuzunguka. Mmm, mmm, kama ng'ombe mgonjwa. Nikazima, nikajaribu tena, ikavuma tena, mara nikasikia ndani ya boksi kitu kimelia tap. Nikazima.

Mwaka uliotangulia nilimwona Mzee Barisa akilitibu tatizo la namna hiyo. Alifungua boksi, akatoa kidude cheupe cha duara, mfano wa kikopo cha dawa, chenye miguu miwili ya chuma. Kinaitwa kapasita. Kazi yake, kwa nilivyoelewa mimi, ni kuuweka umeme tumboni na kuusukuma ili mashine ipate nguvu ya kuamka. Alikipima kwa mita, akatikisa kichwa, akaweka kipya. Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Nilijua mita inageuzwa kwenye ile alama ya vijistari viwili vinavyotazamana bila kugusana. Nilijua waya zinaguswa kwenye miguu ya kapasita, moja huku, moja huku. Nikaona najua yote. Alichofanya kabla ya hapo sikukiona, kwa sababu nilikuwa nawapigia watoto kelele watoke kwenye mabomba.

Nikapanda juu, nikazima jenereta, nikachomoa ufunguo, nikauvaa. Nikamwita Makorani.

Makorani ni dada wa mume wangu, ananipita miaka kama minane. Siku zile hapakuwa na mwanamke upande wetu anayesuka mkeka kama yeye. Mikeka yake ilikuwa myembamba, imekazana, ukiimwagia maji yanakaa juu kwanza yakifikiria. Alikuwa anasuka mkeka wa harusi ya binti yake, na akishuka shambani anabeba ukili wake, vidole vinaenda huku mdomo unaongea. Akashuka, akaweka ukili begani.

Mimi nilikwishafungua boksi. Kifuniko chake cha bati nilikuwa nimekisimamisha tu kwenye saruji, ukingo juu. Nilivuta waya za kapasita kwa koleo lenye mpini wa mpira, mmoja ukatoka kwa shida, wa pili ukatoka kama haukuwa umeshikwa. Sikujiuliza kwa nini. Nikageuza mita kwenye vijistari viwili, nikagusisha ncha zake haraka. Kioo kikaruka tarakimu za ajabu, kisha kikazima kabisa. Nikadhani betri ya mita imelegea. Nikataka mikono yangu yote miwili niifungue nyuma.

"Wifi, nishikie hapa," nikamwambia. "Bana hizi ncha kwenye hii miguu, kwa vidole, zisitoke."

"Umezima?"

"Wewe nawe. Husikii kimya?"

"Kimya nakisikia. Ufunguo?"

Nikauvuta ufunguo kifuani, nikamtikisia usoni. "Huu hapa. Unataka uuvae wewe?"

"Ungekuwa wa dhahabu ningeuvaa," akasema, akacheka, akanyoosha mikono yake miwili.

Sauti aliyotoa siiandiki. Ilikuwa fupi. Mikono ilimruka, mwili ukaenda nyuma, na alipotaka kujizuia asianguke mtoni, mkono wake wa kulia ulitua juu ya ukingo wa kile kifuniko cha bati. Kimya, mwanangu. Jenereta kimya, mto kimya, ufunguo shingoni mwangu, na damu ya wifi yangu kwenye saruji.

Tulimfunga kwa leso, tukamkimbiza hospitali. Moyo wake ulikuwa salama, Mungu alituhurumia. Bali bati lilikuwa limeingia ndani ya kiganja, likakata zile kamba zinazovuta vidole. Walimshona, walifanya walichoweza. Kidole gumba na cha shahada vilirudi. Vile vitatu vingine havikukunjika tena.

Sasa nakuambia sehemu ambayo watu wengi hapa hawaijui, na ambayo ni mbaya kuliko ile ya bati.

Nilipotoka hospitali nilimkuta mama mkwe wangu barazani na kina mama wa kikundi wamejaa. Wakauliza, imekuwaje? Nikasema, "Alishika vyuma." Hayo tu. Neno lenyewe lilikuwa kweli, alishika vyuma. Mama mkwe akatikisa kichwa, akasema, "Makorani naye, mikono haijui kutulia." Mwingine, aliyekuwa ameiokota ile mita iliyokufa kule kwa pampu, akasema, "Na mita ameiua." Wakaninyamazia mimi, mwendesha pampu, wakingoja niseme. Sikusema. Ufunguo ulikuwa bado shingoni, nao wakauona, na kwao ufunguo huo ulikuwa ushahidi kwamba mimi kazi yangu niliifanya. Hivyo kosa likakaa juu ya aliyelala kitandani. Siku mbili nikapita mbali na nyumba yake, nikajidai nahangaikia nyanya.

Siku ya tatu akafika Mzee Barisa, nilikuwa nimemtumia ujumbe. Alinikuta chini kwa pampu. Majani ya nyanya yalikuwa yamejikunja. Akaniamkua, akachuchumaa mbele ya boksi, akaangalia bila kugusa. Akaiangalia kapasita, waya, kifuniko, saruji yenye doa. Akainua mwisho wa ule waya uliotoka kwa urahisi. Ndani ya mpira wake ulikuwa umeungua, mweusi.

"Huyu mtu ameumia, nani alimpa kushika?" akauliza.

Nikaanza, "Alishika vyuma..."

"Mimi sijauliza alishika nini."

Nikaliangalia lile doa. Ndipo nikasema, "Mimi."

"Na ulimwambia nini?"

"Nilimwambia nimezima. Nilimwonyesha ufunguo."

Alitikisa kichwa polepole. Hakupandisha sauti, na laiti angepandisha. "Mama Jillo, ufunguo wako unafunga jenereta. Hiki hapa ni nyumba nyingine, ina umeme wake ndani. Siku zote umeme huo unarudi kwa kupitia waya za pampu, unaisha, nyinyi hamjui. Sasa waya umeungua, njia yake imekatika. Ukabaki ndani. Hauna sauti, hauna harufu. Unangoja mkono." Kisha akauliza, "Watu wanasema nini juu ya wifi yako?"

Nikamwambia ukweli. Wanasema hana mkono wa kutulia. Wanasema ameua mita.

Mzee Barisa akafunga mfuko wake wa vyombo. "Pampu hii ni kazi ya saa moja. Wallahi, nyanya zako naziona. Lakini mimi sigusi. Wewe kwanza nenda kwa huyo mama. Useme mbele ya watu. Mtu anaumia kwa kukuamini, halafu unamwachia na kosa lako alibebe na mkono umefungwa bandeji? Nenda. Mimi nangoja hapa."

"Mzee, zitakufa leo."

"Zife. Nyanya hupandwa tena."

Nimekemewa na watu wengi maishani, na baba yangu alikuwa na fimbo. Hakuna kukemewa kulikoniingia kama huko.

Nilikwenda. Makorani alikuwa amekaa sakafuni, mkono umefungwa, na mkeka wa binti yake umekunjwa mbele yake, nusu. Mama mkwe alikuwepo na kina mama wanne. Nikapiga magoti. Nikasema, "Wifi, mimi ndiye niliyekuambia ushike. Uliniuliza mara mbili. Nilikujibu kwa ufunguo. Sikujua nilichokuwa nakifanya na sikutaka uone kwamba sijui. Na mita niliiua mimi kabla hujaigusa."

Mama mkwe akashika kinywa. Makorani akasema, "Siku tatu."

"Siku tatu," nikaitika.

"Bati lilinikata mara moja, wifi. Wewe umenikata siku tatu."

Akainuka. "Huyo mzee yuko wapi? Nataka nikione hicho kidude."

Ndivyo tulivyofundishwa, wanawake wawili tumechuchumaa kwenye saruji, mmoja ameshonwa mkono na mwingine ameshonwa mdomo. Mzee Barisa alitoa mita yake mwenyewe na balbu ya kawaida kwenye holda, yenye waya mbili ndefu zilizofungwa vizuri. Akavaa glavu kavu. Hakushika kapasita kwa miguu yake, alishika tumbo. Akagusisha waya za balbu kwenye miguu miwili, akazishikilia, akihesabu kwa Kiorma midomoni. Balbu haikuwaka hata kidogo.

"Ingekuwa bado imejaa, mngeona taa inamulika kidogo halafu inakufa," akasema. Akamtazama Makorani. "Haikumulika. Umeme wake uliishia kwako, mama."

Makorani alishusha macho. Mimi nilitaka ardhi ifunguke.

Akaendelea. Alipima kwanza betri ya pikipiki iliyomleta, mita ikaandika volti kumi na mbili na kidogo. Akatuambia mita iliyokufa nayo huandika sifuri, au haiandiki kitu, kwa hiyo kabla hujaamini sifuri yake, ipe kitu unachokijua ikuonyeshe kama ni hai. Ndipo akapima kapasita kwa upande wa volti, ile V yenye mstari ulionyooka. Sifuri na nukta. Akarudi tena kwenye betri ya pikipiki, kumi na mbili tena. Hapo ndipo alipogeuza kwenye vijistari viwili, akaangalia kwamba waya nyekundu imechomekwa kwenye tundu la volti wala si lile la ampea, akagusisha ncha, vidole vyake nyuma ya kingo za plastiki, mbali na chuma. Akangoja mpaka tarakimu zikatulia. Kapasita haikuwa imeunganishwa na kitu chochote, maana ikiwa bado imefungwa kwenye pampu, mita inapima na pampu pia, inakudanganya.

"Soma, mama," akamwambia Makorani.

"Thelathini na nane."

"Ubavuni wameandika ngapi?"

Akageuza kichwa asome. "Arubaini. Toa au ongeza sita."

"Sita kwa kila mia. Kwa arubaini ni mbili na kidogo. Basi thelathini na nane imo ndani. Hii ni nzima."

Unaelewa alichokuwa anasema, mwanangu? Kile kidude hakikuwa na ugonjwa. Ugonjwa ulikuwa waya ulioungua, kipande kirefu kama kidole. Nilimlemaza wifi yangu mkono nikipima kitu kizima. Mzee alikata waya, akaubana mwingine, akarudisha kila kitu, akafunga kifuniko kwa skrubu zote nne. Nikawasha. Pampu ikazunguka, maji yakapanda. Nyanya nusu zilipona. Hakuna aliyeshangilia.

Ule mkeka wa harusi niliumaliza mimi. Makorani alinilazimisha. Alikaa kwenye kigoda na mkono wake umefungwa, akinielekeza kama askari. "Kaza, wifi. Huu ni mkeka, si wavu wa samaki." Ukiutazama leo nyumbani kwa binti yake utaona nusu moja imetulia na nusu ya pili ina mashimo. Aliolewa nao hivyohivyo. Makorani alikataa kabisa usifumuliwe. Alisema anataka niione nusu yangu kila nitakapokwenda kwa binti yake, na kweli kila nikienda unatandikwa uleule, nami nakalia upande wangu.

Baada ya msimu wa pili pampu ilileta shida tena. Nilikuwa nimenunua balbu na holda Garsen, na Mzee Barisa alikwishanisimamia mara tatu nikipima mbele yake. Nikazima, nikavaa ufunguo, nikafungua, nikalaza kifuniko chini mbali. Kabla sijamaliza nikaona kivuli. Makorani. Alikuwa hajashuka pale tangu siku ile.

Hakuuliza kama nimezima. Hakuuliza ufunguo. Alisimama mbali kidogo, akasema, "Mita inasema nini?"

Nikapima betri, nikapima kapasita, nikapima betri tena. "Sifuri, wifi."

"Nigeuzie nione."

Nikamgeuzia kioo. Alisoma, akasoma tena. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, mtupu, akaichukua ile kapasita kwenye kiganja changu na kuishika. Alikaa nayo pumzi tatu nne, akanirudishia. "Haya," akasema, "fanya kazi yako." Akapanda juu kwenda kupalilia.

Tangu siku hiyo katika shamba letu hakuna anayeuliza kama umezima. Wanauliza mita inasema nini. Na wewe niliyekukuta na kichwa ndani ya boksi, hukuulizwa hivyo kwa sababu nilishikwa na hasira nikasahau. Sasa nakuuliza.

Nasaha yangu ni hii, na sitaipamba. Usipime kapasita kabla hujakata umeme, na ukishakata usidhani umemaliza. Itoe nguvu yake kwa balbu, polepole. Usiigongeshe kwa bisibisi kama mnavyofanya ili kuona cheche, cheche hiyo inaweza kukurukia jichoni. Thibitisha kwa mita kwamba haina kitu, na mita nayo uithibitishe kwanza. Ichomoe kwenye mashine, ndipo uipime, vidole vikiwa mbali na chuma. Ikikaa kitambo baada ya kutolewa nguvu, ipime volti tena, maana nyingine umeme kidogo huzirudia tumboni bila kuunganishwa na kitu. Ukikuta imevimba au inavuja, hiyo usijisumbue kuipima, iweke kando. Na hizi pampu zenu za sola zisizo na jenereta ni kimya tangu asubuhi. Jua halina ufunguo wa kuvaliwa shingoni. Boksi lake limeandikwa ungoje dakika ngapi kabla ya kulifungua. Soma, ungoje. Kama hukufundishwa, usilifungue.

Hayo ni ya mikono. Ya moyo ni haya: jambo usilolijua, sema hulijui, hata kama umevaa ufunguo. Usimpe mwenzako ashike kitu ambacho wewe mwenyewe hujakipima. Na akiumia kwa neno lako, usimwachie siku tatu. Usimwachie hata moja.

Mzee Barisa alikwishazikwa, kule kwao. Mungu amlaze pema. Ufunguo wa ile jenereta bado ninao, jenereta yenyewe iliuzwa kama chuma. Umening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wangu, na Makorani akiingia huutazama, kisha hunipa mkono wa kushoto.

Nenda, mwanangu. Mungu akufikishe uzee wako na vidole vyote kumi vikikunjika na kukunjuka. Akupe wenzako watakaokuuliza mara mbili, na akupe subira ya kuwajibu kwa ukweli mara zote mbili. Maji yapande shambani kwako, na damu ya mtu isiguse saruji yako. Amina.